Moyo Chini ya Alama

Maandishi ni nyumba ya fikira, na mashine ni mlango mpya wa nyumba hiyo. Apitaye mlangoni asidhani kwamba amekwisha kuvijua vyumba vyote. Neno hili lawahusu vijana wa Afrika Mashariki wanaosoma utamaduni wa China. Taasisi ya Confucius ya kwanza barani Afrika ilifunguliwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2005, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipata yake mwaka 2013. Wako wanafunzi wanaovuka bahari kuendelea na masomo huko China kwenyewe. Kila mmoja huenda na simu mkononi, naye hujifunza elimu mbili zilizofungamana: desturi za watu, na namna watu hao wanavyopelekeana habari kwa mashine.

Kijana mmoja wa Tanga alikuwa miongoni mwao. Kwa miaka miwili aliandika Kichina kila siku kwa simu. Aliagiza chakula, alipanga safari, aliwajulia hali walimu wake. Makosa yake yalikuwa machache, akajiona amehitimu. Siku ya kuagana, mwalimu wake mzee alimpa burashi, wino na karatasi, akamwomba aandike kwa mkono barua fupi ya shukrani. Kijana aliinua burashi, kisha akatulia. Maneno aliyoyaandika mara nyingi kwa kidole hayakuja mkononi.

Kisa hiki ni kidogo, lakini mizizi yake ni mirefu. Kichina hakiandikwi kwa abjadi. Kila neno, au sehemu ya neno, lina alama yake, na kamusi ya Kangxi ya mwaka 1716 ilikusanya alama zaidi ya 47,000. Mashine za Ulaya zilitengenezwa kwa herufi chache. Kwa hiyo zilipofika China, alama hizo zilionekana kuwa mzigo. Ili zipelekwe kwa telegramu, ilibidi kila moja ipewe namba ya tarakimu nne. Mwaka 1918 mwanachuoni Qian Xuantong alishauri alama ziachwe kabisa, akiamini kwamba ndizo zilizoifunga nchi katika fikira za kale. Mwaka 1958 serikali ikapitisha pinyin, yaani namna ya kuandika matamshi ya Kichina kwa herufi za Kilatini. Mmoja wa watengenezaji wake wakuu alikuwa Zhou Youguang, aliyefariki mwaka 2017 akiwa na umri wa miaka 111. Wako waliotumaini kwamba siku moja herufi hizo zingezizika alama. Mambo yakawa kinyume. Kompyuta na simu zilipoenea, pinyin ikawa ngazi ya kuzifikia alama zile zile.

Mwandishi abonyezapo herufi za "shi", simu humletea safu ya alama: kumi, jiwe, wakati, mwalimu, simba, na nyingine nyingi. Zote husomwa shi, ingawa kwa toni mbalimbali. Yeye huchagua moja kwa jicho. Hapo ndipo faida na hasara huzaliwa pacha. Jicho hutambua, lakini mkono haukumbuki. Wachina wenyewe wana msemo wa alama nne juu ya jambo hili, ambao maana yake ni kuinua kalamu na kusahau alama. Hata wenye elimu kubwa hupatwa na aibu hiyo.

Je, simu ni adui wa utamaduni? Asemaye hivyo hajatazama vema, kwa kuwa utamaduni umehamia ndani yake pamoja na adabu zake. Programu ya WeChat ilianza mwaka 2011, na mwaka 2014 bahasha nyekundu za fedha, zawadi ya kale ya mwaka mpya, zikaanza kutumwa kwa njia hiyo. Vijana huandika 520 kwa maana ya "nakupenda", kwa sababu tarakimu hizo zikisomwa husikika karibu na maneno hayo. Uso mdogo wa kutabasamu, ambao mgeni huutuma kwa wema, kwa vijana wengi wa China ni ishara ya kejeli. Mwanafunzi asiyeyajua haya ataijua lugha na bado atawaudhi wenye lugha.

Kijana wa Tanga alijikaza, akaandika "ni", yaani wewe. Mwalimu alitazama, akatwaa burashi, akaandika kando yake "nin", neno la kumwita mtu kwa heshima. Ni alama ile ile ya mistari saba, na chini yake pamewekwa moyo wa mistari minne. Kwa simu, kijana hakukosa hata mara moja kuandika nin. Tofauti ilikuwa herufi moja tu, na mashine ilimwekea moyo pasipo yeye kuuona. Kumwandikia mzee pasipo moyo ule ni karibu na kumpita mzee wa pwani pasipo shikamoo. Mwalimu hakumkemea. Alimrudishia burashi.

Waswahili wana sababu ya kukitafakari kisa hiki. Lugha yao iliandikwa kwa karne nyingi kwa herufi za Kiarabu, na wakati wa utawala wa wageni herufi za Kilatini zikashika mahali pake. Faida yake katika shule na magazeti haikanushiki. Lakini hati za kale zilizohifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam leo husomwa na wachache, na wako wajukuu wasioweza kuzisoma barua za babu zao. Kijana yule alikuwa mmoja wa wajukuu hao.

Mashine hutunza alama. Haimtunzi mtu azijuaye. Chuo kinachofundisha mawasiliano ya kidijiti kisifundishe kidole peke yake. Kifundishe jicho kuchagua na mkono kukumbuka, ili mwanafunzi awekapo moyo chini ya alama, ajue kwamba ameuweka yeye mwenyewe.