Mashine Rahisi na Amana ya Watu



Mwaka juzi mama yangu mzazi aliteleza bafuni akaangukia nyonga. Zahanati yetu ya wakfu haifiki hatua mia mbili kutoka nyumbani, lakini wakati ule haikuwa na mashine ya eksirei. Tukamlaza juu ya godoro nyuma ya gari, tukaelekea Likoni, tukangoja feri, tukavuka hadi Mombasa. Kila gurudumu lilipoingia shimoni nilimsikia akimtaja Mola wake kwa sauti ndogo. Picha yenyewe ilipigwa kwa muda mfupi kuliko wa kusoma Fatiha. Safari ya kuifuata ilituchukua kutwa nzima.

Ijumaa iliyofuata nilipanda mimbari nikawaomba waumini wachangie mashine yetu wenyewe. Nikasema zaidi ya nilivyopaswa kusema: niliahidi kwamba kabla ya Ramadhani mashine itakuwa imeshaanza kazi. Watu wakatoa. Kina mama wa darsa la Jumatano walileta bangili zao, wavuvi walileta noti zilizolowa maji ya chumvi, na mtoto mmoja alivunja kopo lake la sarafu mbele yangu. Fedha ile haikuwa yangu wala ya kamati. Ilikuwa amana.

Zikaletwa bei tatu. Ya kwanza ilikuwa ya mashine iliyokwisha kutumika ng'ambo, ya kupigia picha kwa filamu, nayo ilikuwa chini ya nusu ya bei ya pili. Ya pili ilikuwa ya mashine mpya ya wastani, yenye bamba moja la dijitali la kupokelea picha. Ya tatu ilikuwa na mkono unaoning'inia darini na mengi mengine yanayofaa hospitali kubwa. Mimi niliipenda ya kwanza. Niliona kutumia kidogo ndiko kuogopa israfu. Na nikiri ukweli, nilikuwa naiona Ramadhani ikikaribia na ahadi yangu ikinitazama.

Mhazini wetu ni mama aliyestaafu kazi ya uhasibu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa adabu, "Sheikh wetu, ukinunua jiko, wahesabu jiko peke yake, au na makaa?"

Akafungua daftari lake. Wagonjwa 10 kwa siku, siku 6 kwa wiki, ni picha 3,120 kwa mwaka, hata kama kila mmoja atapigwa picha moja tu. Kila picha yataka filamu yake, na filamu haitumiki mara mbili. Kuna dawa za kuisafishia, kuna chumba cha giza, na kuna maji yenye kemikali ambayo hayafai kumwagwa karibu na kisima cha mtu. Picha ikififia mno au ikiwa nyeusi mno hurudiwa, nayo hiyo ni filamu nyingine, na mgonjwa hupitishwa kwenye mionzi mara ya pili. Kwa miaka 5 ni filamu 15,600, kabla ya kuhesabu za kurudiwa. Bamba la dijitali halili filamu. Picha huonekana kwenye kompyuta baada ya sekunde chache, na yaweza kutumwa kwa daktari bingwa aliye Mombasa akaisoma pasi na mgonjwa kuvuka maji.

"Hii yako," akasema, "tutainunua kila siku."

Hata hapo moyo wangu haukutulia. Tukafunga safari, wanakamati watatu, kwenda kuitazama zahanati moja iliyowahi kununua mashine kama ile. Tuliikuta imesimama pembeni mwa chumba, imefunikwa leso, na juu yake pamepangwa mashuka. Mwenyeji wetu alitueleza bila kuficha. Moyo wa mashine ya eksirei ni tyubu inayotoa mionzi, na tyubu huchakaa kwa kazi na kwa joto. Aliyemuuzia hakumwambia ile imekwisha kufanya kazi kiasi gani. Ilipoungua, kipuri hakikupatikana nchini, na bei ya kukiagiza ilikaribia ile aliyonunulia mashine nzima. Tena mashine ilitaka umeme wa fezi tatu, na jengo lake lilikuwa na fezi moja. Kuuvuta umeme ule kulikuwa gharama nyingine ambayo hakuna aliyeitaja siku ya kununua.

"Nilidhani nimenunua mashine," akasema akicheka kwa uchungu, "kumbe nimenunua kabati."

Nilirudi kimya. Nimesoma mlango wa biashara madrasani nikiwa kijana, nami nimeusomesha kwa miaka mingi. Nawaeleza wanafunzi maana ya gharari, yaani kuuziana kitu ambacho hali yake haijulikani, kwa mfano wa matunda yaliyo mtini ambayo hayajapevuka. Nawaeleza kwamba muuzaji aijuaye aibu ya mali yake ni wajibu aidhihirishe, na kwamba mnunuzi aliyefichwa ana khiyari ya kuirudisha. Haya yote nayajua. Lakini mbele ya tyubu isiyojulikana umri wake niliyasahau, kwa kuwa bei ilinipendeza. Wahenga walisema rahisi inavunja upishi, na mpishi wa siku ile nilikuwa mimi.

Tukaichagua ya pili, lakini hatukulipa hivi hivi. Khiyari tuliyoisoma vitabuni tuliiandika katika mkataba. Mashine ijaribiwe ndani ya chumba chetu kabla ya malipo ya mwisho. Itumie umeme wa fezi moja tulio nao, na iwekewe kinga dhidi ya umeme unaopanda na kushuka. Dhamana itaje tyubu na bamba kwa majina yake, maana hivyo viwili ndivyo vyenye gharama, na bamba likidondoshwa sakafuni laweza kuharibika mara moja. Fundi awepo hapa nchini, na vipuri pia. Watumishi wetu wafundishwe kuitumia na kuitunza, hasa katika hewa hii ya pwani yenye unyevu na chumvi.

Kisha tukajifunza kwamba chumba nacho ni sehemu ya bei. Hapa Kenya vyombo vya mionzi vinasimamiwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia ya Kenya, kwa sheria ya mwaka 2019, na haviwekwi wala kutumiwa bila idhini. Kuta lazima ziwe nene za kutosha au ziwekewe risasi, mlango vilevile, na mtumishi avae beji inayopima mionzi impatayo. Hayo yalichukua fedha na miezi. Ramadhani ikaingia, chumba kikiwa bado matofali. Nilipanda tena mimbari nikawaomba radhi waumini, nikawaeleza kila shilingi ilikokwenda. Ilikuwa khutba fupi na nzito kuliko zote nilizowahi kutoa.

Kina mama na akina dada, lipo jambo linalowahusu zaidi. Picha ya kwanza mashuhuri ya namna hii ilipigwa Ujerumani mwezi wa Disemba 1895. Mgunduzi wake, Wilhelm Röntgen, alipiga mkono wa mke wake, na pete ikaonekana imezunguka mfupa wa kidole. Zama zile madhara ya mionzi hayakuwa yamefahamika. Leo twajua, na kujua kunatuondolea hofu kama kunavyotutaka hadhari. Picha moja ya kifua humpa mtu mionzi inayokadiriwa sawa na ile tunayoipata ardhini na angani kwa siku 10 hivi za maisha ya kawaida. Ni kidogo, lakini haifai kuongezwa bila haja. Kwa hiyo mwenye mimba, au anayeshuku kuwa nayo, amwambie mtumishi kabla ya kupigwa picha wala asione haya. Mhazini wetu alisisitiza pia pazia, mahali pa kubadilishia nguo, kanzu safi ya kujisitiri, na mtumishi wa kike. Nilikuwa nimesahau kuyaandika hayo kwenye hesabu. Bei yake ilikuwa ndogo kuliko zote, na pasi nayo wanawake wengi wangalivuka feri kama zamani.

Basi mkiombwa kuchangia chombo cha hospitali, changieni, na ulizeni. Chombo hiki kitakula nini kila siku? Kikiharibika nani atakitengeneza? Kitasimama wapi, na kwa idhini ya nani? Mgonjwa atasitirika vipi? Muulizaji hapunguzi thawabu ya mtoaji. Anailinda amana yake.

Mashine yetu ilianza kazi Mfungo Nne. Mama yangu, ambaye sasa atembea kwa mkongojo, alifika kupigwa picha ya kuangaliwa nyonga yake. Alilazwa mezani, akafunikwa, akaambiwa asitikisike. Baada ya muda mchache akaambiwa ainuke.

"Ndiyo hii tu?" akaniuliza.

Nikamwambia, "Ndiyo hii, mama." Tukarudi nyumbani kwa miguu, polepole, adhuhuri haijaadhiniwa.

Allah awalipe waliotoa, na atujaalie kuwa waaminifu katika tulichokabidhiwa. Wabillahi tawfiq.