Goti la Shujaa
Mimi hukusanya sanamu ndogo za mashujaa zenye viungo vya kukunjwa, za namna iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1964. Wakusanyaji wengi hawafungui kisanduku, maana thamani hupungua. Kwa hiyo kasoro hujificha ndani. Moja niliyoinunua Thika niliifungua nyumbani, Ruiru. Goti lilikuwa limelegea; shujaa hakuweza kusimama. Niliirudisha. Muuzaji akacheka: “Mwalimu, mtu mzima wagombea mwanasesere?” Nikaona haya, nikaondoka kimya. Kesho yake nilifundisha kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010: mnunuzi ana haki ya bidhaa yenye ubora ufaao. Sauti yangu ililegea kama goti lile. Haki haipimwi kwa ukubwa wa kitu. Jumamosi nilirudi Thika.