Nyumba Isiyo Wenyeji

Mjini Amsterdam, katika makumbusho ya Rijksmuseum, imo nyumba ya wanasesere isiyojengwa kwa ajili ya mchezo wa watoto. Mwenyewe alikuwa Petronella Oortman, mke wa mfanyabiashara wa hariri, aliyeikusanyia samani na vyombo tangu mwaka 1686 hadi 1710 hivi. Kwa nje ni kabati lililovikwa magamba ya ng'amba na nakshi za bati. Ndani, kila kitu ni cha asili yake: marumaru ni marumaru, fedha ni fedha, na vijombo vya kaure viliagizwa China. Gharama yake, kwa makadirio, ingetosha kununulia nyumba ya kweli katika jiji hilohilo.

Tamaa ya namna hii si ngeni kwa mwenyeji wa Lamu. Huko nako kaure ya China ilipangwa katika zidaka za ukutani, isiliwe wala isinywewe, bali itazamwe. Ikawa shahidi wa heshima ya nyumba na urefu wa safari za bahari.

Mchoraji Jacob Appel aliichora nyumba ya Petronella pamoja na wanasesere wake. Leo picha ipo, samani zipo. Wanasesere karibu wote wametoweka. Vitanda vimetandikwa, wa kulala hawapo. Petronella naye alifariki mwaka 1716.

Mkusanyaji huvilinda vidogo kwa kuwa huviona dhaifu. Kumbe kikombe kinachoenea ncha ya kidole kimemshinda umri aliyekinunua.