Dawa ya Saratani kwa Mtoto wa Selimundu

Mwaka jana, baada ya Swala ya Ijumaa, mzazi mmoja wa msikiti wetu hapa Endulen aliiletea kamati jambo zito. Mwanawe wa miaka saba ana selimundu, na daktari alikuwa ameshauri aanzishiwe dawa iitwayo haidroksiyurea. Mzazi akasikia mitaani kwamba hiyo ni dawa ya saratani, tena imefanyiwa majaribio kwa watoto wa Kiafrika. Alitaka rai yetu kabla ya kuomba mchango.

Nasi tukaahirisha. Tulisema tutafakari, tuulize masheikh, na Ramadhani ikaingia. Daktari hatukumuuliza hata mmoja.

Lau tungeuliza, tungeambiwa kwamba ni kweli dawa hiyo hutibu saratani. Ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1869, zamani kuliko babu zetu. Baadaye ikabainika kuwa humwongezea mgonjwa himoglobini ya utotoni, ile anayozaliwa nayo kila mtoto, nayo huzizuia seli nyekundu zisijikunje kama mundu. Marekani iliiidhinisha kwa wagonjwa wa selimundu watu wazima mwaka 1998. Kwa bara letu lilibaki swali la haki kabisa: dawa inayoweza kupunguza seli nyeupe, je, haitamwacha mtoto wazi mbele ya malaria? Hilo ndilo lililopimwa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, kwa watoto 606. Matokeo yalichapishwa mwaka 2019: maumivu yalipungua, malaria ikapungua, na vifo vikapungua. Majaribio yaliyotutia hofu ndiyo yaliyokuwa na jibu la hofu yetu.

Jirani zaidi, katika Hospitali ya Bugando, Mwanza, watafiti walipima kasi ya damu katika mishipa ya ubongo ya watoto wenye selimundu na kuwapa dawa hiyohiyo. Maradhi haya ya kurithi huuharibu ubongo pia. Bila tiba, takriban mtoto mmoja katika kumi hupatwa na kiharusi kabla ya kutimiza miaka ishirini.

Wetu alipatwa nacho siku chache kabla ya Idi. Aliamka alfajiri, katika baridi yetu hii ya nyanda za juu, na mkono wa kulia haukuinuka.

Hatusemi kwamba dawa ingeizuia qadari ya Allah. Tunasema kwamba Mtume (s.a.w.) ametuamrisha kujitibu, na sisi tulichelewesha sababu iliyokuwa mlangoni.

Sasa anatumia dawa. Huteremshwa Karatu kupimwa damu, safari ya kuzunguka ukingo wa kreta yenye ukungu na vumbi, na nauli hutoka katika sanduku la msikiti. Wachumba wanaokuja kwetu kuandikisha nikaha tunawaomba wapime kwanza, kwani wazazi wawili wenye chembe hiyo, hata wakiwa wazima kabisa, kila mimba yao ina nafasi moja katika nne ya kuzaa mgonjwa. Wazee wawili wamelalamika kwamba tunaingilia riziki za watu. Tumewasikiliza, na bado tunaomba.

Madrasa amerudi. Ustadhi, ambaye huwakataza watoto kushika kalamu kwa kushoto, amemwachia huyu. Alif yake bado inalala upande. Ba imeanza kusomeka.