Gari kuukuu la Mzee larudi Maralal

LORI la kununua vyuma kuukuu lilifika nyumbani kwetu Ol Kalou asubuhi moja ya Jumamosi, ukungu ukiwa haujaondoka mashambani. Vijana watatu waliteremka wakiwa na mizani, minyororo na mtungi wa gesi ya kukatia chuma. Mimi na ndugu yangu mdogo tulikuwa tumekubaliana nao bei kwa simu wiki moja kabla. Walichokuja kuchukua ni Land Rover ya baba yetu, iliyokuwa imesimama chini ya mkaratusi tangu mwaka 1999, kuku wakitaga kwenye kiti cha nyuma na panya wakijenga ndani ya dashibodi.

Mzee hakusema neno. Alitoka nyumbani akipapasa njia kwa fimbo yake, maana macho yamempungua, akaenda moja kwa moja hadi kwenye gari, akafungua mlango wa dereva na kuketi. Akashika usukani kwa mikono miwili. Basi. Vijana wakatutazama, nasi tukatazama chini. Mwishowe mmoja wao, kijana wa watu mwenye adabu, aliniambia polepole, "Boss, sisi tutakuja siku nyingine." Lori likaenda zake.

Jioni ile mama alitutolea uvivu. "Mnajua gari hili ndilo lililowalipia karo?" aliuliza. Hatukuwa na jibu.

Msomaji, ili uelewe swali la mama ni lazima nikurudishe nyuma. Baba alikuwa ofisa wa mifugo. Mwaka 1977 alipelekwa Maralal, na huko alikabidhiwa Land Rover ya serikali, ile ndefu ya inchi 109, mpya kabisa. Kwa gari hilo alizunguka Poro, Morijo, Marti hadi Baragoi akiwadunga ng'ombe sindano ya kuzuia sotoka, dawa ikiwa ndani ya sanduku la barafu. Sotoka ni ule ugonjwa uliowahi kufagia mifugo ya Afrika Mashariki na kuwaacha wafugaji mikono mitupu, na ambao dunia ilitangazwa kuwa huru nao mwaka 2011. Mwaka 1988 serikali ilipouza magari yake makuukuu kwa mnada, baba alilinunua gari lile lile alilokuwa akiliendesha. Alipohamishwa mwaka 1991 alikuja nalo Ol Kalou, na kwa miaka minane lilibeba viazi na maziwa vilivyotusomesha.

Naam, tulikuwa tumeliuza kwa kilo.

Breki kwanza

Jumatatu iliyofuata nilikwenda Nyahururu kumtafuta fundi. Wengi walicheka. Mmoja aliniambia gari la Mwingereza ni kama mke wa pili, halikosi neno. Wa nne, mzee wa makamo anayefanya kazi chini ya mabati matatu, hakucheka. Aliuliza jambo moja tu: "Chesi ikoje?"

Hilo, nilikuja kujua, ndilo swali la kwanza kwa kila anayetaka kufufua Land Rover. Gari hili lilionyeshwa kwa ulimwengu mara ya kwanza katika maonyesho ya Amsterdam mwezi Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, na chuma cha pua kiligawiwa kwa kipimo. Kampuni ya Rover ikaamua kutumia aloi ya alumini kwa bodi, na kuacha chuma kwa chesi na sehemu chache nyingine. Ndiyo maana ukiliona gari la miaka 50 bodi yake ni nzima, lakini chini yake huenda chesi imeliwa na kutu kutoka ndani. Fundi alilala chali kwenye nyasi na nyundo ndogo akagonga chesi kutoka mbele hadi nyuma, akisikiliza. Palipolia "ting" alipita. Palipolia kama debe la uji alichora msalaba kwa chaki. Tulipata misalaba mitano, yote nyuma. "Huyu hajafa," alisema. "Amelala tu."

Nilidhani kazi ya kwanza itakuwa kuwasha injini. Mzee, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda akiota jua, alikataa katakata. "Breki kwanza," alisema. "Gari lisilowaka litakulaza nyumbani. Gari lisilosimama litakulaza mochari." Basi tukaanza na breki: mipira yote ya zamani ikatupwa, mabomba yakabadilishwa, na silinda za magurudumu zikafunguliwa moja moja. Ndani ya ngoma moja ya breki tulikuta kiota cha nyigu.

Injini nayo ina adabu yake. Usikimbilie kuifunga betri na kupiga starta, kwa maana pistoni zilizokaa miaka 20 huwa zimeshikana na kuta za silinda, na ukilazimisha utavunja ringi. Fundi alitoa plagi zote nne, akamimina mafuta kidogo ndani ya kila silinda, akasema tungoje siku tatu. Siku ya nne alichomeka hendeli mbele ya gari, kwani magari haya yana tundu la kuzungushia injini kwa mkono, na akaisukuma kidogo kidogo, mbele na nyuma, kama mtu anayemwamsha mtoto. Ikakubali.

Petroli iliyokuwa ndani ya tangi ilikuwa imegeuka kitu kama gundi, yenye harufu ya rangi kuukuu. Tangi lilioshwa mara tatu, kabureta ikafunguliwa yote. Nyaya zilizoguguniwa na panya zilibadilishwa. Hata petroli yenyewe ilikuwa ngeni kwa gari hili: lilipolala mwaka 1999, vituo vyetu vilikuwa vikiuza petroli yenye risasi, ambayo iliondolewa nchini mwaka 2006.

Spana za inchi

Kilichotukwamisha zaidi ni nati. Magari ya Kijapani yaliyojaa barabarani leo hufungwa kwa spana za milimita. Mwingereza wa enzi hizo alipima kwa inchi, na ukitumia spana ya milimita itateleza na kuivirigisha nati hadi isiweze kushikika tena. Fundi alikuwa na spana chache tu za inchi. Siku mbili kazi ilisimama, hadi mama alipoingia stoo na kutoka na sanduku la bati. Ndani mlikuwa na seti nzima ya spana za inchi, zimezungushiwa kitambaa kilicholowa grisi. Mzee alikuwa amezificha tangu siku ile alipoliegesha gari. Hakutaka kuzieleza, nasi hatukuuliza.

Spea nyingine tulizipata Nairobi, katika Barabara ya Kirinyaga ambayo wazee bado huiita Grogan. Ukikosa kitu huko, nenda kwa mafundi wa leithi huko Kariobangi, watakichonga. Usisahau kwamba sheria yetu hairuhusu gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane kuingizwa nchini, hivyo Morris Minor, Anglia, Cortina na Land Rover kuukuu unazoziona ni zile zilizokuwa hapa tangu zamani. Likikatwa moja kwa gesi, limepungua moja. Yapo yanayong'arishwa kila mwaka kwa mashindano ya Concours d'Elegance katika uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, lakini mengi zaidi yamo chini ya miti na nyuma ya mazizi.

Karatasi zilinichosha kuliko kutu. Ofisi moja nilikwenda mara tatu na logibuku ile ya zamani ya kijitabu, na kila mara niliambiwa nirudi kesho. Bima kubwa hatukupata. Tulichukua ile ya kulipa mtu wa tatu. Na siku ya ukaguzi gari lilipita, breki zikisifiwa.

Safari ya Maralal

"Sasa nipelekeni Maralal," Mzee alisema. Alitaka kumwona mtu mmoja aliyekuwa msaidizi wake, aliyewashika ng'ombe pembe yeye akidunga sindano. Walikuwa wameagana mwaka 1991, naye akaahidi kurudi mwezi Desemba. Hakurudi.

Tuliondoka alfajiri, mimi kwenye usukani, Mzee kando yangu, ndugu yangu nyuma pamoja na sanduku la spana. Tulivuka Ikweta karibu na Nyahururu, tukayapita maporomoko ya maji ya Thomson, na baada ya Rumuruti nchi ikafunguka: migunga, vumbi jekundu kando ya njia, na anga isiyo na mwisho. Zamani, Mzee alisimulia, safari hii ilikuwa ya kutwa nzima, na wakati wa mvua ilikuwa ya siku mbili. Siku hizi ni lami. Land Rover haina haraka. Kila lori lilitupita, na madereva walitupungia mkono. Huko Suguta Marmar watoto walitukimbilia wakidhani tunabeba abiria.

Tulipoingia Maralal nilielewa kwa nini. Mji huu uliozungukwa na vilima vya mitarakwa, ambamo Mzee Jomo Kenyatta alizuiliwa mwaka 1961 kabla ya kuachiliwa, na nyumba yake ingali imehifadhiwa, ndio makao ya Land Rover kuukuu za Kenya. Kwingine zimekuwa pambo. Hapa ni kazi. Husimama kwa foleni zikingojea abiria wa vijijini: akina mama wenye magunia ya unga, morani wenye shuka nyekundu, mbuzi wamefungwa miguu juu ya keria. Njia za huko ni mawe na korongo, na gari linaloweza kutengenezwa kwa nyundo na waya lina thamani kuliko lile linalohitaji kompyuta. Madereva walilizunguka letu wakiligusa. Mmoja alifungua boneti bila kuomba ruhusa, akatazama, akaifunga. "Safi," alisema, na nilijivuna kama mtu aliyepata shahada.

Kirungu cha manjano

Asubuhi ya pili tulielekea Poro, kiasi cha kilomita 20, ambako nchi hukatika ghafla na Bonde la Ufa kuonekana chini kama ramani. Hapo hakuna lami. Kwenye kilima cha mwisho nilisikia "tak!", injini ikaunguruma bure na gari likaanza kurudi nyuma. Nilivuta breki ya mkono. Haikushika.

"Breki ya mguu! Mawe! Wekeni mawe!" Mzee alipaza sauti. Ndugu yangu aliruka na kuweka jiwe chini ya gurudumu, kisha jingine.

Tulipotulia, Mzee alitabasamu. Hakuhitaji macho. "Hafu-shafti," alisema. Ni ule mtaimbo unaopeleka nguvu kutoka kwenye difu hadi gurudumu la nyuma. Ukikatika, magurudumu ya nyuma hayana nguvu, na breki ya mkono nayo haifai kitu, kwa sababu katika gari hili hushika shafti inayokwenda nyuma, si magurudumu yenyewe. "Sasa kikanyagie chini kile kirungu cha manjano."

Nilikibonyeza. Ndicho kinachounganisha magurudumu ya mbele. Nikaweka gia ya kwanza, nikaachilia klachi polepole, na lo! Gari likaanza kujivuta kwa miguu ya mbele. Ndugu yangu, aliyekuwa ametafuta lori la vyuma kuukuu, alipanda kilima chote kwa miguu nyuma yetu, jiwe mkononi.

Mwenyeji wetu alikuwa amesimama langoni mwa boma kabla hatujafika, mzee mrefu mwenye blanketi begani. Walisalimiana Kisamburu kwa muda mrefu, wakashikana mikono na kusahau kuiachilia. Kisha akageukia Kiswahili ili nasi tusikie.

"Ulisema Desemba," alimwambia baba.

"Nilichelewa kidogo," Mzee akajibu.

"Nilisikia gari tangu huko chini. Nikasema, huyu ni Daktari wa ng'ombe, na bado hajui kubadilisha gia kwenye kilima."

Gia nilikuwa nikibadilisha mimi, lakini Mzee alikubali lawama kwa furaha. Walikaa ukingoni mwa bonde hadi jioni. Mwenyeji alimweleza kilichokuwa mbele yao: moshi ulipo, mifugo ilipo, kivuli kinavyopanda mlimani. Baba alikuwa akiitikia kwa kichwa.

Maralal fundi alikitoa kile kipande kilichovunjika kwa fimbo ndefu iliyofungwa sumaku ya spika kuukuu, akatia hafu-shafti nyingine aliyokuwa nayo sakafuni. Ilimchukua muda wa kunywa chai vikombe viwili. Tulirudi Ol Kalou salama.

Ewe uliye na gari kama hili nyuma ya zizi, huenda likawa limekwisha kweli. Si kila chuma kina uhai, na fedha hazitoshi kwa kila jambo. Lakini kabla hujaita lori, gonga chesi kwa nyundo usikilize, kisha umwulize mwenyewe alitaka kwenda wapi. Ng'ombe akivunjika guu malishoni, hujikokota zizini.

Ndugu yangu sasa anataka aazimwe gari hilo kwa arusi yake mwezi Agosti. Mzee amesema atafikiria. Kwanza ajifunze spana za inchi.