Alhamisi Nyuma ya Jikoni

Shuleni kwetu ofisi ya ushauri nasaha ndiyo iliyokuwa ofisi ya nidhamu. Mlango mmoja, meza moja, mwalimu mmoja. Asubuhi akikupata umechelewa anakutandika (viboko shuleni vilipigwa marufuku mwaka 2001 lakini habari ilikuwa haijatufikia, nadhani ni mambo ya barabara), halafu saa kumi jioni unatakiwa uingie mlango huohuo umweleze kinachokunyima usingizi. Kwa miaka minne sikuona mtu akiingia mle kwa hiari yake. Na mwalimu mwenyewe hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na Kemia ya kidato cha kwanza mpaka cha nne, na huo ushauri aliongezewa tu, vile mtu anaongezewa zamu.

Shule ilikuwa upande wa Kericho unaokaribia Bomet, katikati ya chai. Wageni kutoka Nairobi hushuka kwa gari kupiga picha kile kijani. Sisi tuliolelewa kwa nyumba za wachumaji tulikijua kwa kilo. Mama alichuma, akapima, akalipwa kwa kilichosomeka kwenye mizani. Halafu mashine za kuchuma zikaongezeka. Watu wengi walisikia habari zake mwaka 2023 zilipochomwa, lakini kwetu zilikuwa zimeshaingia jikoni kitambo. Mwaka 2017, nikiwa kidato cha tatu, mama alikuwa akiitwa kazini siku tatu kwa wiki, wiki nyingine mbili.

Nikaanza kupiga hesabu darasani, siyo za mwalimu. Karo gawanya kwa kilo. Nikaacha kula ile maharagwe ya jioni. Usiku nililala nikiomba asubuhi isifike, na ikifika nilikasirika. Sikumwambia mtu. Nyumbani hali hiyo huitwa kufikiria sana, na dawa yake ni kuacha kufikiria. Miaka mitano baadaye, 2022, utafiti wa kitaifa ungeonyesha kwamba zaidi ya vijana wanne kati ya kumi walio na miaka 10 hadi 17 walikuwa na tatizo fulani la afya ya akili ndani ya mwaka mmoja. Wakati huo mimi nilidhani ni mimi pekee, na kwamba ni uvivu.

Muhula wa pili wakaletwa walimu watatu wa TP, wanafunzi wa chuo waliokuja kufanya mazoezi ya kufundisha. Madamu wa Historia alikuwa na kama miaka ishirini na mbili. Viatu vyake vilikuwa vya kitambaa, na Kericho mvua hunyesha karibu kila alasiri, kwa hivyo alishinda na miguu imelowa. Siku moja mvua ilipiga mabati mpaka akashindwa kufundisha. Akapita kati ya madawati, akafika kwangu, akainama.

"Siku hizi huandiki kitu. Kuna nini?"

"Hakuna, madamu."

"Sawa. Nitakuuliza tena Alhamisi."

Manze, Alhamisi akaniuliza. Tulikuwa nyuma ya jikoni, kwenye rundo la kuni, na nikamwambia yote, hata ile ya asubuhi. Niliona akiogopa. Kumbuka kwamba siku hizo kujaribu kujiua kulikuwa kosa la jinai, kifungu cha 226. Mahakama Kuu ilikuja kuamua kwamba kinakiuka Katiba Januari 2025. Ungeambia mwalimu jambo kama hilo ukawaza polisi. Madamu hakuita mtu. Alisema, "Sijui nikusaidie vipi, lakini nimekusikia. Alhamisi ijayo uje." Nikaenda. Tulikuwa na Alhamisi sita. Nyingine hatukuongea, tulikula njugu tu.

Agosti TP ikaisha. Tukamnunulia kikombe, akalia kidogo, akapanda pikipiki akaenda.

Alhamisi ya kwanza ya muhula wa tatu nilienda nyuma ya jikoni. Nilijua hayupo. Nilikaa pale kwenye kuni mpaka mpishi akaniuliza kama nimetumwa.

Niliingia chuo mwaka 2019, kusomea ualimu, nikaacha 2021 kwa sababu ya karo, kabla TP yangu haijafika. Chuo chenyewe sikitaji. Nitasema tu kwamba somo la ushauri nasaha lilikuwa la kunakili: aina za ushauri, sifa za mshauri bora, mtihani. Wenzangu walioenda TP waliniambia mhadhiri alikuja, akaketi nyuma ya darasa, akaangalia andalio la somo na mwandiko wa ubaoni, akatia alama, akaenda. Hakuna aliyeulizwa: kuna mwanafunzi amekuambia kitu ambacho huwezi kulala nacho?

Mwaka huohuo nilioacha, yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Shamiri, mpango ulioanzishwa na Tom Osborn, Mkenya aliyesoma Harvard. Walichukua wanafunzi 413 wa sekondari wenye dalili za sonona, ile mtaani tunaiita depresheni, au za wasiwasi. Wakawaweka kwa vikundi vidogo, mara moja kwa wiki, wiki nne. Waliowaongoza hawakuwa madaktari. Walikuwa vijana waliomaliza sekondari, wengi umri wa madamu wangu, wakapewa mafunzo mafupi. Dalili zilipungua kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma. Nilisoma hiyo habari kwa simu nikiwa nimelala kwa mama, nikakasirika tena, lakini kwa njia nzuri.

Kilichonishika siyo wale vijana. Ni kwamba kila kijana ana msimamizi, na msimamizi ana mtaalamu juu yake. Kule Harare, daktari Dixon Chibanda alipofunza nyanya kuketi na watu kwenye mabenchi, alianza baada ya mgonjwa wake kujiua. Familia ilikuwa imekosa nauli ya kumleta hospitalini. Kwa Kishona nao husema kufungisisa, kufikiria sana. Nilicheka. Kumbe mama anaongea Kishona.

Sasa hapa kwetu Chuo Kikuu cha Kabianga kiko Kericho, kuna chuo Bomet mjini, na wanafunzi wa ualimu huingia madarasani kila mwaka. Watu tayari wanatumwa. Wanatumwa tu bila wa kumpigia simu Alhamisi usiku, na wakiondoka hakuna makabidhiano, hata ya aina ile ya funguo za maabara. Wengine watasema TP ni mzigo tosha. Ni kweli. Lakini wanafunzi watakueleza utake usitake, ukiwa na miaka ishirini na mbili na viatu vya kitambaa. Heri ufunzwe, na kuwe na mwalimu wa kudumu, asiye wa nidhamu, anayeketi nanyi tangu wiki ya kwanza.

Mwaka 2025 dadangu mdogo alikuwa kidato cha pili Bomet. Likizo fupi ya Juni alikuja nyumbani, tukawa tunachambua mboga, akasema kuna mwalimu wa TP wanayeongea naye. Uso wake ulikuwa mwepesi. Ningefurahi. Badala yake nikamuuliza, "Anaenda lini?"

"Agosti."

"Na baadaye?"

Akanyamaza, akaendelea kukata sukuma.

Nilimwandikia mwalimu huyo barua ya ukurasa mmoja. Sikumpa ushauri wowote. Nilimshukuru, nikamwambia kuhusu kuni za nyuma ya jikoni, nikamuuliza Septemba huyu mtoto ataenda kwa nani. Dadangu anasema aliisoma mara mbili amesimama, akaikunja, akaenda nayo hadi ofisi ya naibu mwalimu mkuu. Walizungumza humo muda mrefu. Zaidi ya hapo hajui, kengele ya prepu ililia.