Swali la Kijana na Mawe ya Likasi



Kwa miaka mingi hapa Likasi tumekuwa mwalimu wa shule na katekista wa parokia, na lipo kosa moja tunalopaswa kuliungama. Kijana aliyekuwa akijiandaa kwa Kipaimara alitujia na jiwe la kijani la malakiti mkononi. Shuleni alifundishwa kwamba miamba yenye shaba yetu ina umri wa mamia ya mamilioni ya miaka. Katika kitabu cha Mwanzo alisoma siku sita. Akauliza: «Mwalimu, niamini lipi?» Tukamjibu: «Amini, usiulize.» Hakurudi tena.

Aliyetufumbua macho ni mwalimu mwenzetu Mwislamu. Hakutucheka, alitusimulia habari za Ibn Rushd, kadhi na tabibu aliyezaliwa Cordoba mwaka 1126. Kabla yake al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikuwa ameandika kitabu kizima cha kuwapinga wanafalsafa. Ibn Rushd alimjibu. Alifundisha kwamba Kurani yenyewe yamwalika mwanadamu kuvitafakari viumbe, na kwamba jambo lililothibitishwa kwa akili haliwezi kuupinga ukweli uliofunuliwa. Maneno ya ufunuo yakionekana kugongana nalo, basi maana yake ya ndani itafutwe. Mwaka 1195 alihamishwa kwa nguvu, na vitabu vyake vya falsafa vikachomwa moto.

Mtakatifu Thoma wa Akwino alimsoma na kumwita Mfafanuzi. Alimpinga waziwazi juu ya fundisho la kwamba wanadamu wote wana akili moja tu, lakini hakuacha kujifunza kwake. Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake wa mwaka 1998 juu ya imani na akili, aliyakumbuka mazungumzo hayo ya Thoma na fikra za Waarabu na Wayahudi.

Tungemjibu nini kijana yule? Kwamba kitabu cha Mwanzo chatufundisha ni nani aliyeumba, wala hakikuandikwa ili kupima umri wa mawe; na kwamba aliyetupa Neno ndiye aliyeiweka shaba mlimani. Tulidhani tunailinda imani, kumbe tulikuwa tukiuficha ujinga wetu.

Tulimfuata nyumbani kwao, tukamwomba radhi. Alitusikiliza kwa heshima. Kanisani bado hajarudi. Swali lake sasa ndilo tunaloanza nalo kila mwaka mbele ya wanafunzi wapya wa katekesi.

Ee Bwana, utujalie imani isiyoliogopa swali la mtoto. Amina.